Sala Iliyomkimbiza Chiriku

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya duka la vifaa vya umeme.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako mwenye maneno mengi. Habari za huko? Mgongo unaendeleaje, na wale wazee unaowahudumia bado wanakuita kwa kengele kila dakika? Nimekuota mara mbili umekonda. Ndoto zangu unazijua, hazina maana yoyote, lakini nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako magoti yanamsumbua. Akipanda ngazi analalamika, akishuka analalamika, na dawa zimejaa kabatini, kumeza ndiyo kazi. Mimi presha imetulia tangu niondoe chumvi mezani. Saluni inakwenda, nina mashine mbili za kukaushia nywele, moja inafanya kazi na nyingine naitazama tu.

Sasa kaa vizuri nikueleze yaliyonikuta, maana nimeyabeba peke yangu nimechoka.

Nilikuambia kanisani tumeanzisha mambo ya vijana kila Jumamosi. Halipwi mtu. Anayeongoza ni Mwalimu, yule mstaafu wa hesabu, halafu kuna Matroni aliyekuwa hospitali kuu, fundi umeme, na mimi msusi. Tunafungua ukumbi saa tatu asubuhi, na wanaingia vijana wa mitaa ya chini, waliomaliza shule na wale ambao shule iliwamaliza wao. Kila mmoja wetu anafundisha anachokijua. Hatuhubiri, Mwalimu hataki. Tunafunga kwa sala fupi tu, nayo tunapokezana.

Wananiita Shangazi. Mwanzoni nilikwenda kwa ajili ya kusifiwa, wewe unanijua, lakini siku hizi Jumamosi nikiikosa naumwa.

Kati yao yupo binti wa miaka kumi na tisa tunayemwita Chiriku. Anaongea huyo! Anaingia na habari, anatoka na habari, na vidole vyake kwenye nywele ni vyepesi kuliko vyangu. Anaishi na bibi yake na anapiga pasi kwa dobi wa pale kona. Matroni alimtafutia nafasi kiwanda cha mikate, kazi ya kudumu, aanze Jumatatu tarehe 10. Sharti ni moja: siku ya kwanza mgeni anasimama mbele ya msimamizi, anasoma kwa sauti karatasi ya usalama wa mashine, kisha anatia sahihi. Asiyesoma hapewi aproni.

Basi asubuhi moja Chiriku akanijia saluni kabla sijafagia. Akafunga mlango mwenyewe. Akaniambia hajui kusoma. Mdogo wangu, mwaka mzima nimekaa naye na sikugundua. Zamu ya kusoma ikimfikia, macho yanamuuma, au anamsukumia jirani kitabu kwa mzaha na wote tunacheka. Akasema, "Nifundishe, Shangazi, lakini asijue mtu." Nikamwapia.

Tukaanza kila siku kabla wateja hawajafika, kwa chupa za mafuta ya nywele na kalenda ya ukutani. Ana akili yule mtoto. Baada ya wiki mbili anaunganisha silabi, anaokota neno hili na lile. Nikajaa furaha, na furaha yangu ndiyo iliyoharibu.

Jumamosi, zikiwa zimebaki wiki nne, zamu ya sala ikawa yangu. Unajua nikianza kusali sijui breki iko wapi. Nikawaombea wagonjwa, nikawaombea wasafiri, nikakuombea wewe, halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Na binti yetu Chiriku, ee Mungu, mfungue macho ajue kusoma kabla ya siku yake." Vijana thelathini walikuwa wamefumba macho, masikio wazi. Niliposema amina na kutazama, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mwalimu alisubiri watu waondoke. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unamwambia Mungu, au ulikuwa unatuambia sisi?" Nikachukua ufagio nikafagia ukumbi uliokwisha kufagiwa.

Nilikwenda kwa kina Chiriku siku tatu mfululizo. Bibi yake ananikaribisha vizuri, ananipa kigoda mlangoni, tunaongea habari za maji na za majirani, na mtoto yuko ndani, nyuma ya pazia, hatoki. Saluni hakuja. Siku zinakatika na ile karatasi ya kiwandani inamngoja.

Basi nikajitia hekima. Nikasema, kosa nililifanya mbele ya watu, nitalitengeneza mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata nikasimama ukumbini nikalia, nikakiri kwamba nimetoa siri ya Chiriku. Fundi umeme akaniletea kiti, Matroni akanishika mkono, nikarudi nyumbani mwepesi. Kumbe mle ndani walikuwamo vijana kumi ambao wiki iliyotangulia hawakuwapo. Sasa na wao wakajua. Jioni ile ile nikapata ujumbe wa Chiriku kupitia kwa bibi yake: nimemtangaza mara ya pili, na safari hii nimepata na wa kunibembeleza.

Nilikaa kitandani, mdogo wangu, nikakukumbuka wewe. Nilikumbuka msiba wa mama, nilivyosimama kuiombea familia nikataja kwamba ndoa yako imevunjika, na wewe hata baba ulikuwa hujamwambia. Ulininunia mwaka mzima. Mimi nikawa nawaambia watu una kiburi. Sikuwahi kukuomba radhi, kwa sababu nilijiona nimekuombea, na nani anaombwa radhi kwa kuombewa? Nisamehe. Nililitumia jina la Mungu kusema yasiyokuwa yangu, na umbea ukivaa gauni la sala unabaki kuwa umbea.

Jumatatu nikachukua gauni langu la kijivu nikalipeleka kwa dobi. Nikamsalimia Chiriku, akaitikia bila kuinua uso, akalipiga pasi, nikaondoka. Sikusema neno jingine, na Mungu anajua nilivyoumia. Jumanne nikalirudisha lile lile. Jumatano pia. Dobi akaanza kunitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Shemeji yako akauliza gauni hilo linakwenda wapi kila siku bila kuvaliwa.

Ijumaa Chiriku akatia mkono mfukoni mwa gauni, kama wanavyofanya kabla ya kupiga pasi, akatoa kikaratasi changu cha dukani. Nilikuwa nimekichomeka humo asubuhi ile nikitoka nyumbani, nikakisahau. Akakitazama muda mrefu. Kisha akasoma, kwa sauti ndogo, "Sa-bu-ni. Vi-be-ri-ti. U-zi." Akakunja uso. Akaniambia, "Shangazi, mwandiko wako mbaya." Nikasema ni kweli. Akasema Jumatatu atakuja saluni, na nisimwambie mtu. Nikaenda kulia nyuma ya duka la jirani.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Tulisoma asubuhi na tulisoma jioni, mpaka kalenda yangu imetoboka kwa kidole. Jana Jumamosi alirudi ukumbini kwa mara ya kwanza, akakaa karibu na mlango. Sala ikawa zamu yangu tena. Mwalimu mwenyewe alivua miwani. Nikasema, "Ee Mungu, asante kwa leo. Amina." Fundi umeme alikuwa bado hajafumba macho.

Kuyaandika haya nimemwomba ruhusa. Alisema, "Mwandikie, huyo hanijui." Kesho ndiyo kesho. Anasoma, lakini polepole, na maneno marefu yanamshinda. Roho yangu iko juu.

Jumatatu jioni.

Barua sikuitia bahasha, nilijua nisingeweza kukuacha njiani.

Amekuja saluni saa kumi na moja, mteja wangu ana dawa kichwani. Amevaa aproni nyeupe inayofika miguuni. Nikaogopa kuuliza, nikaendelea kusuuza nywele. Akaeleza mwenyewe, mteja akisikiliza. Alipopewa karatasi aliona mistari imesongamana, herufi zikamkimbia, na nyuma yake wamesimama wageni wengine sita. Akaishusha. Akamwambia msimamizi, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi nimeanza kusoma juzi tu. Ninasoma polepole. Naomba mnisubiri." Msimamizi akavuta kiti akakaa. Chiriku akasoma ukurasa mzima, dakika ishirini, na neno lililomshinda akalirudia mpaka likakubali.

"Nimewaambia mwenyewe, Shangazi," alisema. Alilisema mara mbili.

Mteja alipoondoka akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha kusukia, akaniambia jambo jingine la maisha yake, zito kuliko la kusoma. Hilo, mdogo wangu, sikuandikii.

Nisalimie binti yako, mwambie shangazi zake wa huku ni wengi lakini mama mkubwa ni mimi peke yangu. Shemeji yako anakusalimu, pia Mwalimu na Matroni, na jirani yetu mpishi anauliza utakuja lini. Mungu akulinde unapoingia kazini na unapotoka, akupe usingizi mzuri na watu wa kukusikiliza. Nami ukiwa na la kuniambia, niambie. Nimejifunza kunyamaza, japo nimechelewa.

Wako akupendaye daima,

Dada yako