Shamba la Nani?

Jumanne, 5 Novemba 1974
Balozi wetu wa nyumba kumi kagawa unga wa mahindi wa msaada, debe moja kila kaya. Wa njano! Eti umetoka Marekani, ukapanda meli, ukapanda treni mpaka Kigoma, ndipo ukatufikia huku kijijini. Nikausonga. Mama mkwe haoni, macho yake yalikufa zamani. Akapapasa tonge, akauliza swali lake la siku zote: shamba la nani hili? Nikamwambia Marekani. Akalirudisha sahanini. Chakula asichojua shamba lake hali, kikimdhuru atamlalamikia nani? Mkaidi huyu!

Ijumaa, 8 Novemba
Siku ya nne leo. Maji ya moto na mchicha tu. Nimemwogesha — mifupa mitupu. Unga wa muhogo umebaki konzi moja ndani ya nyumba.
Bibi Maendeleo wa serikali kapita, kasema unga wa njano ni mzuri, husaidia hata macho. Mama akacheka, kwamba yake yamechelewa. Nguvu za utani anazo, za kula hana!
Mume wangu Telesphory yuko kibaruani bandarini, atarudi tarehe ishirini na tatu. Mama yake akinifia nitamwambia nini? Na mimi je? Mama yangu sikumjua. Kusonga ugali nimefundishwa na huyu, mkono wake juu ya mkono wangu. Nampenda, basi.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimesema uongo.
Nilichanganya njano na lile konzi la muhogo. Akauliza, shamba la nani? Mdomo ukajibu wenyewe: lako, mama, la kule bondeni, tulikokuwa kabla ya kuhamishiwa kijijini. Kuna mtu kapita huko, katuchimbia muhogo wetu.
Akalipapasa tonge. Kisha akala — akala! — akaifuta sahani kwa kidole. Ardhi haijanisahau, akasema. Nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Jumatano, 13 Novemba
Anakula mara mbili kwa siku! Sasa ni njano tupu na hajashtuka. Ila kila sahani inadai habari za shamba. Mgomba wa kando ya kijito umezaa? Umezaa, mama, mkungu mzito, tumeuwekea nguzo. Jirani hajasogeza mpaka? Athubutu! Leo nimemwongezea na habari ya maharage yaliyotoa maua. Alicheka mpaka akakohoa. Mungu nisamehe, mimi mwenyewe nayangoja maongezi hayo.

Jumapili, 17 Novemba
Leo misani sikukomunika. Padri ningemwungamia nini, kwamba nimemlisha mama?
Ananisifia kwa majirani: Leonia wangu hanilishi vya kuokota. Yoo! Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho naenda shambani kweli. Hata mzizi mmoja tu, angalau neno langu lipate mguu wa kusimamia.

Jumatatu, 18 Novemba
Nimetoka alfajiri, nimerudi jioni, nyayo zinawaka. Shamba hakuna. Nyasi za kifuani. Mgomba umeanguka, umeoza. Nguruwe pori wamefukua kila tuta. Lakini kwenye mpaka, mashina sita ya muhogo yamesimama! Nimechimba kikapu kizima. Nikakaa chini nikaliomba shamba radhi, kama mwendawazimu.

Alhamisi, 21 Novemba
Muhogo niliouloweka nimeutoa majini. Mvua haikatiki, naukaushia juu ya moto. Mama ananusa moshi, anauliza napika nini. Subiri, mama.

Jumapili, 24 Novemba
Telesphory amekuja jana na migebuka wawili wabichi wa ziwani. Nimemweleza yote. Kaishika mikono yangu.
Mchana nikasonga muhogo mtupu, nikaandaa na samaki. Shamba la nani? Lako, mama! Nilisema kwa sauti, kifua mbele. Safari hii sikuwa na cha kuficha.
Akatafuna. Akaacha. Akaliweka tonge pembeni taratibu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji.
Huu si wa kwangu, akasema. Una nyuzi, unanuka moshi. Leonia mwanangu, huu umeuokota wapi? Nipe ule wangu, ule mtamu.
Nilicheka huku machozi yananitoka. Telesphory ananikonyeza: mwambie. Nimwambie lipi? Kwamba shamba lake ndilo hilo analolikataa, na lile analolisifu lilivuka bahari?
Nimekimbilia jikoni. Naandika nimechuchumaa, maji yanakaribia kuchemka. Njano imebaki ya leo tu, chini kabisa ya debe. Nikiusonga, nimedanganya tena. Nisipousonga, hatakula, atalala njaa.
Mama anaita. Anasema ndiyo maana hata hamu hana, leo sijampa habari za shamba.
Wiki ile, kabla sijaliona shamba, nilikuwa nayo mengi ya kusema. Sasa nimeliona. Anaita tena. Leonia! Ule mgomba je, mkungu umekomaa?