Gauni la Kijani Lililoongezwa Upana

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa, kwa kuwa shahidi ni mtoto.
Umri: Miaka 16.
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha tatu.
Makazi: Kwa mama yake mdogo, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu lililofungwa.
Aliyefuatana naye: Mwalimu wa maktaba ya shule, kwa sababu mlezi wa shahidi ndiye mlalamikaji.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote kabla ya leo. Afisa amesema nianze nalo, maana bila hilo haieleweki nilikuwa nafanya nini dukani kwa fundi siku ile. Jambo lenyewe ni kwamba huwa naagiza mtandaoni vitu nisivyovihitaji. Ni vitu vidogo: kifutio, alama ya kitabu, vifungo vya rangi ya maziwa. Naagiza kimoja kimoja, ingawa vyote vingeweza kuja pamoja, kwa hela ya matumizi anayonitumia mama kutoka anakofanya kazi. Vitu vyenyewe sivitaki. Ninachotaka ni kwenda kuvichukua.

Vifurushi vya mtaa wetu huachwa kwa fundi cherehani ambaye watu wanamwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Zamani aliwashonea karibu watu wote wa mtaa. Sasa wengi wetu tunanunua kwa simu, na kampuni ya vifurushi inamlipa kidogo atutunzie mizigo kwenye rafu alizokuwa akipanga vitambaa. Simlaumu mtu. Mtandaoni bei ni nafuu na hakuna anayekuuliza unatafuta nini, na kwa mtu mwenye aibu kama mimi hilo si dogo. Lakini duka la vitabu nililokuwa nikisoma nimesimama limefungwa, na mtaani hakuna tena mlango ninaoweza kuingia nikakaa.

Ukienda kuchukua kifurushi, sharti la kampuni ni kwamba jina lisomwe kwa sauti na mwenyewe aitikie. Mzee Futi huvaa miwani, akasoma majina yangu yote matatu polepole, nami hujibu, "Ni mimi." Shuleni wananiita Maktaba. Nyumbani mama mdogo hurudi amechoka, na ananiita "wewe." Sisemi hivyo kwa ubaya. Anasimama mapokezi hospitalini tangu asubuhi na kuita majina ya watu mpaka sauti inakauka.

Mnamo tarehe 9 mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, nilitoka shule nikapitia dukani kuchukua kifutio. Ilikuwa yapata saa kumi jioni. Nilimkuta Mzee Futi kwenye cherehani na gauni la kijani mbele yake. Kando yake kulikuwa na mfuko wa kampuni uliofunguliwa, na juu yake niliona jina la mama mdogo.

Nilisema, "Shikamoo, babu."

Alishtuka akataka kulifunika lile gauni, kisha akaona ni mimi. "Marahaba, mjukuu wangu. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi funga mlango. Usisimame hapo kama mdaiwa."

Nilifunga mlango. Aliniambia kwamba huwa anavifungua baadhi ya vifurushi vya nguo. Alisema nguo za siku hizi zinashonwa kwa haraka, vifungo vinaning'inia, na yeye hawezi kulala akijua rafuni mwake kuna shati lenye kifungo kinachoning'inia. Anakaza, anarudisha ndani, anafunga upya. Nilimuuliza kama wenyewe wanajua. Alisema, "Wakijua si watanipiga? Wanaandika huko kwenye simu kwamba mzigo ni imara, wanatoa nyota tano. Kati ya hizo, nyota mbili ni zangu." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nafikiri kuhusu gauni.

Nilimuuliza la mama mdogo lina kasoro gani. Alisema halina kasoro, ila ameagiza saizi aliyokuwa akivaa zamani. "Vipimo vya mtaa huu ninavyo kichwani. Hili halipiti kifuani, na kiunoni ndiyo usiseme."

"Si umwambie alirudishe?"

"Nimwambieje? 'Mama, umenenepa'? Mjukuu wangu, mimi nilioa. Neno hilo najua linavyoishia."

Alifumua mishono ya pembeni akaongeza kipande cha kitambaa cha kijani kila upande, kuanzia kwapani kushuka chini. Kilikuwa kimekoza kidogo kuliko gauni, lakini mikono ikishuka hakionekani. Hakuchukua kitu chochote. Hakubadilisha gauni. Nilikuwepo mpaka alipolikunja na kulirudisha mfukoni. Aliponipa kifutio changu aliniita majina yote matatu, kama kawaida.

Siku iliyofuata mama mdogo alilichukua gauni akalijaribu mbele ya kioo cha kabati. Lilimkaa vizuri sana. Alizunguka, akashika kiuno, akasema, "Ona! Saizi ile ile! Hospitalini wananiambia nimejiachia. Waje waone." Aliniita kwa jina langu. Alisema, "Njoo unipige picha." Nilimpiga picha nyingi, tukachagua moja, akapika chai tukanywa pamoja mezani. Tangu nihamie kwake hatujawahi kukaa vile. Nilijua kilichomo kwenye ile mishono na sikusema. Nisingesema hata leo kama pasingekuwa na lazima.

Mnamo tarehe 18, Jumamosi asubuhi, mama mdogo aligeuza gauni ndani nje ili alipige pasi kwa ajili ya sherehe ya kazini kwao. Aliona vile vipande. Alivaa viatu akashuka nalo mkononi, nami nikamfuata.

Dukani alilitandaza juu ya meza ya kukatia. Alisema, "Mzee, gauni langu liko wapi?"

"Si ndilo hilo, mama."

"Hili lina viraka! Langu lilikuwa jipya. Umeuza langu ukanipa la mtumba!"

Watu walianza kujaa mlangoni. Muuza vocha wa jirani alisema, "Kumbe Mzee Futi amerudi sokoni kwa mlango wa nyuma!" Wakacheka. Mwenye pikipiki ya kampuni, aliyekuwa ameleta mizigo, alitoa simu akapiga picha mifuko iliyokuwa rafuni. Mmoja ulikuwa umefungwa upya kwa utepe wa gundi usio wa kampuni.

Mama mdogo aliuliza, "Haya, kama si viraka, ni nini? Waambie watu ni nini."

Mzee Futi aliwatazama watu, akamtazama mama mdogo, kisha akanitazama mimi. Angeweza kusema kwa neno moja. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Alisema, "Ni kosa langu, mama. Nisamehe."

Mama mdogo alisema, "Mmesikia? Amekiri."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilifungua mdomo. Nilifikiria wale watu wote wakigeuka kumtazama kiuno, nikaufunga. Polisi walifika kabla ya saa sita wakamchukua. Futi ilikuwa bado shingoni.

Nimeulizwa kama mtuhumiwa alifungua vifurushi visivyo vyake. Alifungua, nimeona, na nadhani hakupaswa. Nimeulizwa kama aliiba gauni. Hapana. Gauni mlilonalo hapa kituoni ni lile lile la mama mdogo, pamoja na kitambaa cha Mzee Futi. Nimeulizwa kwa nini hakujitetea. Hakutaka kumwaibisha mama mdogo mbele ya watu. Naomba maelezo haya yasisomwe kwa sauti mahali ambapo wapo watu wengine. Afisa amesema hawezi kuniahidi.

Nimeyasema niliyoyaona, na sina la kuongeza leo.

Sahihi ya shahidi.

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya mbele ya mwalimu wake, akayathibitisha. Amesema mlezi wake hajui kwamba yuko hapa, na kwamba atamwambia mwenyewe.

NYONGEZA, imeandikwa siku ya pili yake kwa ombi la shahidi, mbele ya mwalimu yule yule

Nilipotoka hapa jana nilienda hospitalini kwa mama mdogo nikamsubiri getini. Alipotoka nilimwambia yote tukiwa tunatembea, kwa sababu nikitembea sihitaji kumtazama mtu usoni. Tulipofika ngazini alisema, "Kwa hiyo siku ile ya picha ulikuwa unajua."

Nilisema, "Ndiyo, mama mdogo."

"Na ulicheka na mimi."

"Nilifurahi kweli."

Aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Asubuhi nilikuta ameniachia chai kwenye chupa, lakini alikuwa ameshatoka. Sijui atafanya nini kuhusu shauri hili.

Leo baada ya masomo nilipitia dukani kwa Mzee Futi, ambaye ameachiwa kwa dhamana. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kampuni imeondoa mifuko yake yote na rafu ni tupu. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona kitu. Sikuwa na kifurushi cha kuchukua. Nilisimama mlangoni, nikasema, "Babu, nimeleta sketi." Upindo wa sketi yangu ya shule umefumuka tangu muhula uliopita, na nilikuwa nimeubana kwa pini.

Alisema, "Nani alikufundisha kushona kwa pini? Simama wima."

Alinipima akasema nimerefuka. Alinipa khanga nijifunge, nami nikakaa kwenye kiti cha wateja mpaka alipomaliza. Alipomaliza alivaa miwani, akaishika sketi mikono miwili kama anavyoshika vifurushi, akaniita majina yote matatu.

Nilisema, "Ni mimi." Nililipa, nikavaa sketi yangu, nikaja hapa.

Sahihi ya shahidi.