Mchana Baba Alishe Matumbawe

Mwanangu,

Nimewahi kazini, sikutaka kukuamsha. Chai iko kwenye chupa. Mchana ~~uwalishe samaki na yale matumbawe~~ hapana, usiwalishe. Soma mpaka mwisho.

Tangu kiharusi kimpige, baba yako hajaligusa tangi lake la samaki. Nilidhani amelisusa kama alivyotususa sisi. Asubuhi hii nimemkuta amesimama mbele ya tangi, bomba la sindano lenye chakula liko kwenye mkono uleule uliokuwa umepooza. Nikamwambia, "Lete nikusaidie." Akasema, "Niache, mama watoto. Wewe unawamwagia kama unamwagilia bustani."

Iliniuma. Halafu nikaenda jikoni nikacheka peke yangu, maana ni lini mara ya mwisho ametania mtu?

Alikosa shabaha, chakula kingi kikaliwa na samaki. Akarudia, akarudia tena, mpaka tumbawe la pembeni likakunja vile vidole vyake laini vya kukamatia chakula na kumeza. "Limekula," akasema, wazi kabisa.

Kwa hiyo wewe toa chakula kwenye friza kiyeyuke, uzime pampu kisisombwe na maji, kisha ukae kando, baba alishe mwenyewe. Akimwaga, panguza sakafu bila neno. Usimshike mkono asipokuomba. Akichelewa, samaki hawatakufa njaa, wamenenepa kunishinda mimi. Akimaliza, washa pampu.

Na usinipigie simu kunieleza ilivyokwenda. Nikirudi jioni nataka anisimulie mwenyewe.

Mama