Mluzi wa Radi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupa nafuu baada ya kuzibeba zile mota za kinu. Wasalimie Mama na mdogo wangu kabla hujasoma zaidi, maana najua ukianza habari yangu utasahau. Mimi sijambo. Chakula nakula, na miwani bado haijavunjika.

Baba, nina habari njema, lakini acha nianze mwanzo. Kabla hatujafunga shule, mwalimu wa fizikia alitueleza kwamba radi haiishii ardhini. Sehemu ya nguvu yake hupanda, ikatikisa tabaka la juu la hewa, na mara chache ikatoka hadi anga tupu. Huko hufuata sumaku ya dunia na kushuka mbali kabisa na ilikopiga. Mawimbi yake ya redio yenye sauti nyembamba hufika kwanza, mazito yakafuata nyuma, kwa hiyo kwenye kipokezi husikika kama mluzi unaoshuka. Alisema tukinasa mluzi mmoja wa kweli kabla muhula huu haujaisha, kituo cha utafiti kitaifanya shule yetu mahali pake pa kusikilizia.

Kusuka antena nilipewa mimi, kwa kuwa nilijisifu kuwa binti wa fundi mota. Tulipofungua shule nilisuka raundi mia mbili kwenye fremu ya mbao, kama ulivyonifundisha: waya haupandani, mkono hauna haraka. Wiki nzima hatukusikia kitu. Wenzangu wakaniita Fundi Kimya. Kumbe nilikuwa nimesuka mafungu mawili na kulizungusha la pili kinyume, kama tunavyofanya kwenye mota, na kila fungu likawa linafuta kazi ya mwenzake. Jumamosi nzima nilisuka upya mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Alhamisi alfajiri, kwenye zamu yangu ya kusikiliza, mluzi ukaja. Ulianza juu, mwembamba, ukateremka taratibu, ukaisha. Niliurekodi kwa simu ya mwalimu iliyowekwa karibu na spika.

Makamu mkuu wa shule alipousikiliza alicheka. Akasema huo ni mluzi wa mlinzi wa getini, ambaye kweli hupiga mluzi tangu anapoamka, na akakataza rekodi isitumwe tusije tukachekwa. Sikufichi, nililia. Aliyeniokoa ni mlinzi mwenyewe. Alikuja ofisini shavu limevimba, akaeleza kwamba Jumatano aling'olewa meno mawili ya mbele, na tangu hapo hata chai inamvuja, sembuse mluzi. Makamu akaondoa katazo lake. Rekodi ikatumwa siku ileile.

Jana jibu limefika. Chombo chao, kilicho safari ya kutwa nzima kwa basi, kilinasa mluzi uleule, sekunde ileile. Shule imekubaliwa! Mwalimu alisoma barua mbele ya wote. Makamu alinipa mkono, na jina la Fundi Kimya hakuna anayelitaja tena. Watafiti wametaka kujua antena ilisukwa na nani, maana hawajasikia mluzi safi kama ule. Kwenye fomu yao nimeandika: fundi mota na binti yake.

Sasa Baba, kaa chini kidogo. Wakati wa likizo ulitafuta ule waya mpya wa shaba, ukapekua karakana mara tatu, kisha ukamwambia Mama kwa sauti ndogo, "Kichwa changu kimeanza kunitupa." Nilikuwa mlangoni. Waya ulikuwa tayari ndani ya sanduku langu la shule. Niliogopa ungenikatalia, kisha nikaogopa kusema, nikakuacha ujidhanie umezeeka. Mama ameniandikia kwamba siku hizi unaandika kila kitu ukutani kwa chaki ili usisahau. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko barua ya watafiti.

Nisamehe. Adhabu yoyote utakayonipa nitaipokea. Kichwa chako ni kizima, Baba. Futa ukuta.

Ni mimi bintiyo mwenye mapenzi na heshima nyingi,
Fundi Mdogo