Leseni ya Mama

Makazi ya Mapumziko Ukungu,
Kilolo, Iringa.
14 Julai 2025

Mpendwa kaka Nasri,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muskati, wewe na wifi Shufaa na watoto, na joto lisiwe limewachosha sana. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Julai imetushika kwelikweli, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na shemeji yako Habibu anakwenda karakana amevaa koti juu ya koti.

Najua ungependa nikupigie simu, lakini mtandao wa huku milimani hukatika katikati ya neno, na habari hii sitaki ikatike. Mama amepata leseni ya udereva. Ndiyo, mama yetu, Bi Kudra wa Soweto ya Mbeya, pamoja na umri wake na ile nyonga yake. Picha iko ndani ya bahasha.

Nianze mwanzo, maana ulisikia nusu tu. Tangu Mama ahamie kwetu baada ya kuvunjika nyonga, kilio chake kilikuwa kimoja, msikiti. Nyumba yetu ya wafanyakazi iko juu kabisa, na msikiti uko chini, nje kidogo ya geti la pili. Mteremko ule hata mimi naushuka kwa kujishikilia. Wenye nyumba na wageni hutumia vile vigari vya gofu, vya betri, visivyo na milango, na Mama alipakiwa dereva akipata nafasi. Ijumaa nyingi hakupata. Alikuwa anavaa, anakaa kibarazani na mkoba mapajani, mpaka sala inapita.

Mwezi wa tatu Habibu aliacha kigari nje ya karakana, ufunguo ukiwa ndani. Mama alikuwa amemtazama sana akiendesha, akaona ni kukanyaga tu. Akakichukua. Kwenye kona ya misonobari njia ilikuwa imelowa, kigari kikaserereka kikaingia kwenye ua wa maua. Mgeni mmoja aliyekuwa anasukuma kitoroli cha mtoto aliwahi kukivuta pembeni. Aliyeumia ni Mama peke yake, mkono ulivimba. Lakini kaka, halikuwa jambo dogo. Kile kitoroli kilinikosesha raha siku nyingi.

Kamati ya makazi ikakutana. Mwenyekiti ni Mama Lea, mkunga mstaafu, mtu wa haki lakini hana mzaha. Wakaamua vigari visiendeshwe tena kiholela: kila dereva awe na leseni halali, watoto wasishike usukani, mwendo uwe wa pole, na pale barabara ya wilaya inapokatiza makazi, kigari kisimame kabisa kabla ya kuvuka. Habibu alipewa onyo. Crispin, mkuu wa walinzi, akashauri Mama asiguse usukani tena maishani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama na fimbo yake.

"Kosa ni langu na nimeomba radhi," alisema. "Lakini mliyemkataza ni asiye na leseni. Nikiileta, mtaniambia nini?"

Mama Lea akajibu kwamba akiileta atapimwa kama dereva mwingine yeyote. Nadhani alijibu kwa heshima tu, hakutegemea kumwona tena.

Ndipo ukapiga simu ukataka tumrudishe Mbeya akapumzike. Sikukulaumu, hata mimi niliona hivyo. Mama ndiye aliyekataa. Alisema kupumzika amepumzika vya kutosha.

Akaanza chuo cha udereva Iringa mjini, akifikia kwa rafiki yangu Veneranda. Daktari alimpima macho, akaikagua na nyonga, akamruhusu. Alama za barabarani alijifunza jikoni kwangu, akirudi mwisho wa wiki, huku akichambua mchele wa Madibira, mimi nikimuuliza na yeye akijibu bila kuinua kichwa. Gari la mafunzo lilikuwa la gia, na klachi ilimtesa. Mwalimu wake, Gerson, alimpandisha ule mlima wa Gangilonga tena na tena, mpaka gari likaacha kurudi nyuma.

Mtihani wa kwanza alishindwa. Aligonga nguzo wakati wa kurudi kinyumenyume. Alikuja nyumbani, chakula hakukigusa, nikajua sasa yamekwisha. Kumbe siku ya somo alimkuta Gerson akamwambia, "Mwalimu, leo hatuendi mbele hata kidogo." Wakashinda wakirudi nyuma uwanjani. Mtihani wa pili alipita, na askari wa usalama barabarani aliyempima akampa mkono.

Bado lilibaki jaribio la hapa. Crispin ndiye aliyekaa naye mbele, wanakamati nami tukifuata nyuma. Unajua walinzi wanavyokaa kwenye vigari, mguu mmoja unaning'inia nje. Mama akawasha, halafu akatulia.

"Mguu ndani, baba."

Crispin akasema yeye amezoea.

"Mimi sijazoea. Siondoki."

Akauingiza. Basi Mama akashuka mteremko ule taratibu kama amebeba mayai. Kwenye misonobari alipunguza mwendo mapema, akawasubiri wafanyakazi wenye matenga wapite. Barabarani alisimama kabisa, ingawa hakukuwa na hata baiskeli, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo akavuka. Crispin alipotakiwa kutoa maoni, alikuna kidevu kwanza. Kisha akasema mbele ya wote, "Huyu nitampa hata wanangu awabebe." Mama Lea alimkabidhi kibali kwa mkono wake, na watu wakapiga makofi. Mama alikipokea kwa mikono miwili. Mimi nililia waziwazi wala sikuona aibu.

Ijumaa iliyopita alikwenda msikitini akiendesha mwenyewe. Alinipakia mimi, jirani yetu Mama Muhidini na mama mkwe wake. Mbele kidogo tukamkuta Bi Mwanahija, yule mzee anayeishi karibu na dobi, anatembea na mkongojo. Nikasogea ili tubanane. Mama akazima kigari.

"Viti vinne, watu watano," alisema. "Hanifa, shuka. Wewe una miguu."

Basi nikashuka, kaka. Nikatembea nyuma yao nikicheka peke yangu njia nzima, nikiwatazama wazee wanne wakiteremka, ushungi ukipepea. Nilipofika getini nilikuta kigari kimeegeshwa ndani ya mstari, breki imevutwa, na Mama yuko safu ya mbele upande wa wanawake.

Habibu anakusalimu sana. Crispin naye anakusalimu, anasema anataka kumjua mtoto wa kiume wa mama huyu. Mpe wifi Shufaa mkono wa salamu, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awalinde huko ugenini na atukutanishe salama.

Mama ameisikia barua yote, na ameagiza niongeze hili: ukija likizo usikodi gari kutoka getini, atakuja kukupokea mwenyewe, na utakaa kiti cha nyuma.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Hanifa