Nimempiga baba mkwe

Jumapili. Mvua ya Kyela haijakata tangu jana mchana, na mimi nimechoka mpaka vidole. Naandika hapa kwenye kafe ya intaneti kwa sababu kule Ikolo, ukweni, hakuna anayesoma mambo ya mtandaoni. Bora hivyo.

Jana nimempiga baba mkwe.

Nianze vizuri. Tangu Ambokile, mume wangu, afariki, naishi kwa kibanda chake cha gemu: runinga moja, mashine moja, pedi mbili za kuchezea na benchi. Gemu ya mpira ipo, ya magari ipo, lakini iliyokijaza kibanda tangu mwanzo ni ile ya kupigana, ya makarate. Hata sheria yetu ilitoka humo: aliyepigwa anaachia pedi. Siku hizi watu wa mpira nao wanaifuata utadhani wameitunga wao.

Mwezi huu ukweni wamekaa kikao. Mashine ilikuwa ya mtoto wao, kwa hiyo iende kwa shemeji yangu, nami nirudi Ikolo nikalime mpunga. Sikulia. Nilichoka tu. Kule mimi ni mke wa marehemu. Kibandani wananiita Atupele, na ninapopigana wananipisha.

Jana mvua iliwafukuza wachezaji wote. Nikasikia mtu akikohoa mlangoni, kikohozi ninachokijua. Nikaruka nyuma ya kanga niliyotundika kutenga kitanda changu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Nina miaka tisa tangu niolewe, na mzee yule namjua kwa kikohozi na miguu tu.

Akakaa kwenye benchi. Akauuliza ukuta, "Ndiyo hii wanamopigana ngumi?"

Nami nikaujibu ukuta, "Ndiyo, baba."

"Nataka kuiona kabla sijaibeba."

Kumbe ndicho kilichomleta. Nikamwambia ashike pedi moja, ya pili nikaivuta waya upite chini ya kanga. Penye tundu la kanga nilikuwa naona runinga peke yake. Nikamweleza vitufe: hiki ngumi, hiki teke, hiki kujikinga.

Pambano likaanza, na vidole vyangu vikasahau mimi ni nani. Ngumi, teke, nikamnyanyua, nikambwaga. Hata sekunde kumi hazikufika.

Mkamwana kumtazama tu baba mkwe ni kosa lenye faini. Kumbwaga je?

Mzee akauliza, "Ambokile alikuwa anapiganaje?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikamchagua mpiganaji ambaye Ambokile alimpenda, yule mwembamba mwenye suruali nyekundu, nikacheza kama yeye: mbele tu, mbele tu, hajikingi hata mara moja. Nilikuwa namgombeza sana kwa hilo. Jana nilibonyeza huku nalia. Nilimsikia mzee upande wake akiponda vitufe vyote kwa pamoja kama mtu anayepukuchua mahindi.

Akanishinda.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Tangu mdogo. Hajikingi." Sauti yake haikuwa nzuri.

Sheria ni sheria. Nikaisukuma pedi yangu chini ya kanga imfikie. Nikaanza kuwaza nitafunga vitu vyangu kwenye mfuko gani, na nani atanibebea godoro kwenye mvua.

Kisha nikaona ncha ya fimbo yake ikiingia chini ya kanga, inasukuma pedi pole pole. Yangu kwanza. Halafu na ya kwake.

"Nitawaambia nyumbani mashine ibaki hapa," akauambia ukuta. "Shemeji yako hata kuiwasha hajui. Ndaga, mkamwana."

Amenishukuru. Akakohoa, akaingia mvuani.

Leo sijafungua. Nimelala mchana kutwa na bado mwili hauna nguvu, sijui uchovu huu ni wa jana au wa tangu msiba. Kesho nafungua.

Ila kuna jambo halijanitoka kichwani. Nipeleke kuku wa faini Ikolo kwa kumbwaga mzee, au nimtumie salamu arudi Jumamosi, nimfundishe kujikinga?