Alichosema Mwanamke wa Kitanda cha Bluu

Tantine,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, shangazi yangu, hata padri nilipokwenda kuungama. Ile Jumapili ulipocheka mpaka ukajifunika uso kwa kitenge, nilikuwa nimesema uongo. Kesho yake uliponiuliza, nikausema mara ya pili. Huo wa pili ndio unaonizuia kusoma.

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile ulichokuwa ukikicheka. "Kiswahili yako inavaa kravati," ulisema, kana kwamba kimefunga tai shingoni. Nivumilie. Nikitumia kile cha nyumbani nitaisikia sauti yako, na barua haitafika mwisho.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Papa alileta dekoda, na kila Jumapili baada ya misa tukawa tunaangalia kile kipindi cha watu wanene sana wanaopasuliwa ili tumbo lipunguzwe. Kilikuwa cha Kifaransa. Wewe uliacha shule kule Masisi ukiwa darasa la tatu, kwa hiyo ulinikalisha kwenye mkono wa kiti chako, nami nikawa nakutafsiria sikioni. Papa alisema, "Wavivu hao. Si wafunge tu mdomo?" Mama alisema ni mambo ya Wazungu. Ni wewe peke yako uliyeuliza, "Na kisha wanashona na uzi gani?"

Nilitafuta jibu katika kitabu cha biolojia, sikulipata. Ulisema haidhuru. Ulisema kupunguza nguo ni kazi ngumu kuliko kuishona upya, kwa sababu kitambaa kinakumbuka umbo lake la kwanza. "Ule mama si muvivu," ulimwambia Papa. "Mutu muvivu hawezi kubali kisu." Papa akaongeza sauti ya televisheni.

Sasa ninajua kitu ambacho wakati ule sikukiona. Kamera ya kipindi kile haianzii usoni. Inaanzia miguuni, au mgongoni, au kwenye sahani. Halafu unakuja mzani, ngoma zinapigwa, namba inajaa kioo kizima cha televisheni. Jina la mtu linafuata baadaye kwa herufi ndogo.

Kwenye chumba chako cha cherehani ilikuwa kinyume. Ulizungusha utepe kiunoni mwa mteja, ukabana kwa kidole gumba pale ulipofika, ukanionyesha, nami nikaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza niliisoma namba kwa sauti, na yule mke wa mwalimu akatazama chini. Hukunigombeza mbele yake. Alipoondoka ukaniambia, "Kipimo ya mutu ni ya yeye. Andika, usiseme." Sikuisoma tena hata namba moja.

Kabla ya kipindi kile, mtaa mzima ulikusifu kwa unene wako. Kwenye harusi walikuweka kiti cha mbele. Mtu akirudi kutoka Kigali alikuambia umenenepa, kama anayekupa zawadi. Baada ya miezi michache watu walewale walianza kukutazama kama ile kamera, kutoka chini kwenda juu. Watoto wa jirani waliuliza, "Tantine, wewe unapasuliwa lini?" Na yule dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, pale kona akakuambia, "Mama, nyinyi ni wawili, nibebe nani kwanza?" Ukamjibu bila kusimama, "Peleka wa kwanza, wa pili atakuya na miguu." Wenzake walimcheka yeye mpaka akainama juu ya usukani.

Lakini ulikuja na miguu, Tantine. Tangu siku ile hukupanda moto tena. Nilidhani unapenda kutembea.

Sasa ile Jumapili. Binamu yangu Fabrice alikuwa amevuka mpaka kutoka Goma na rafiki zake watatu, na rafiki yako Mama Solange alikuwa ameketi nawe kwenye kochi. Nilipoanza kukutafsiria, Fabrice akasema, "We mwenye vitabu, acha kunong'ona. Tufanyie agasobanuye." Sihitaji kukueleza agasobanuye, wewe ndiwe uliyekuwa ukinipeleka kuziona: filamu za kigeni ambamo msimulizi mmoja anazungumza juu ya sauti za watu wote na kutia utani wake. Tantine, mimi darasani nikiulizwa swali nalijibu huku nimefunika mdomo kwa kitabu. Siku ile watu wanane walinigeukia na kungoja. Nikasimama.

Kwenye kioo alikuwa yule mwanamke aliyelala kwenye kitanda chenye shuka la bluu. Aliongea polepole. Nilimwelewa neno kwa neno. Nami nikafanya sauti nzito na kusema, "Daktari, kabla hujanikata, niletee mbuzi mzima na ndizi sahani mbili. Na wewe usisimame karibu sana, naweza kukosea nikala mkono."

Walicheka. Fabrice aliteleza kutoka kwenye kiti. Papa alipiga paja lake, akasema, "Kumbe mtoto huyu anaongea." Sijawahi kumfurahisha Papa kiasi kile. Nikaendelea mpaka kipindi kikaisha. Wewe ulicheka kuliko wote, ukajifunika uso, na ulipouondoa mkono, kitenge kilikuwa kimelowa. Nilihesabu hayo kuwa machozi ya kucheka.

Jumatatu baada ya shule nilikuja kwako. Ulikuwa unashona sare, mguu mmoja kwenye kanyagio, mwingine umeuweka juu ya kigoda. Hukunitazama. Uliuliza, "We, ule mama wa jana. Alisema nini kabisa?"

Nikajibu, "Hakuna kitu, Tantine. Vyakula tu."

"Aa. Bon," ukasema, ukaendelea kushona.

Alichosema ni hiki. Nimekiandika hapa kama alivyokisema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mguu wangu wa kushoto ulivimba peke yake. Nilikwenda hospitali mara mbili. Mara zote mbili walinipima uzito, wakaniambia nirudi nikiwa nimepungua. Hakuna aliyenivua soksi. Mara ya tatu daktari mmoja akaivua, akaniambia damu imeganda, na kwamba ningechelewa siku chache ningekufa. Kama wewe ni mnene kama mimi na mguu mmoja umevimba, rudi. Rudi hata wakikucheka."

Sikujua, Tantine. Sikujua kwamba wiki iliyotangulia ulikuwa umekwenda kituo cha afya kuonyesha mguu wako, wakakupandisha kwenye mzani, wakakuambia ule kidogo, ukarudi nyumbani na viatu vyako havijafunguliwa. Mama Solange ndiye aliyenieleza baada ya mazishi. Alinieleza pia kwamba zile Jumamosi tatu mliposema mnakwenda kusali, mlikuwa mnakwenda kwenye chemchemi za Nyamyumba, polepole, kwa miguu, ili ukaloweke mguu kwenye maji ya moto. Watu pale walikupisha ukae mahali pazuri. Ulisema maji yale hayaulizi mtu ana kilo ngapi.

Daktari aliyekupokea siku ya mwisho alimwambia Papa kwamba damu iliganda mguuni ikasafiri mpaka mapafuni.

Sisemi kwamba mimi ndiye niliyekuua. Nimelifikiria hilo sana, na nadhani si kweli, au si kweli yote. Huenda ningekuambia ukasema, "Waende huko," ukarudi Nyamyumba. Lakini uliniuliza. Sentensi yako nilikuwa nayo mkononi, Tantine, nikakupa mbuzi.

Kuna jingine. Siku ya kutengeneza jeneza, seremala alikuja kupima. Alisoma upana kwa sauti, akaurudia kwa kijana wake aliyekuwa nje ya ua, na wanaume waliokaa kwenye viti wakaanza kuhesabiana mabega, nani atabeba wapi, mmoja akasema waitwe vijana wa Rugerero waongeze nguvu. Mtu akacheka kidogo, si kwa ubaya. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Maneno yako ya siku ile ya utepe yalifika mpaka kwenye meno. Nikagawa chai.

Tangu uondoke, cherehani yako iko chumbani kwangu chini ya dirisha. Mama amefunika kitambaa juu yake. Daftari la vipimo ninalo mimi, na wateja wako wawili wamekuja kuuliza kama liko salama. Kipindi bado kinaonyeshwa kila Jumapili. Papa anakiangalia. Siku hizi hasemi "wavivu." Mimi ninapokuwa mezani na vitabu vyangu, namwona akimsikiliza mtu ambaye hamwelewi.

Nadhani najua kwa nini tulikuwa tunacheka. Wale watu walikuwa mbali, hawawezi kutugeukia. Ukimcheka mtu wa kwenye kioo ni kama umelipiga jiwe kwa jiwe, hakuna anayelia. Tulisahau kwamba mtu mwingine alikuwa ameketi chumbani pamoja nasi.

Pumzika, Tantine. Pumzisha miguu yote miwili. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa jasiri, kwa kuwa unanijua. Nakuahidi jambo moja tu: mtu akiniuliza alichosema mwingine, nitamwambia alichosema.

Mtoto wako, mwenye Kiswahili cha kravati

*

Niliifunga barua hapo juu nikaiweka ndani ya daftari la vipimo. Leo nimeifungua ili nikueleze nilichofanya.

Jumapili Fabrice alivuka tena. Mama Solange naye alikuja, mara ya kwanza tangu tulipomaliza kilio chako, akaketi upande wake wa kochi na kuacha upande wako wazi. Kipindi kilipoanza Fabrice akasema, "Haya, mwenye vitabu. Agasobanuye." Safari hii mgonjwa alikuwa mwanamume aliyeshindwa kupanda ngazi za nyumba yake. Nikasimama nikayasema maneno yake kama yalivyokuwa. Baada ya dakika chache Fabrice akauliza, "Na utani uko wapi?" Nikasema leo haupo. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikawaambia alichosema mwanamke wa kitanda cha bluu. Nikawaambia kwamba wewe uliniuliza, na nilichokujibu.

Papa akachukua rimoti, akazima sauti, akaacha picha. Kisha akasema, "Mimi alinionyesha ule mguu. Nikamwambia apunguze wali." Akatoka nje, akasimama uani mpaka kipindi kikaisha.

Mama Solange alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Akasema, "Mi kifua inaniumaka nikipanda kilima. Nilienda mara moja. Waliniambia: punguza. Sikurudia."

Nikamwambia, "Twende kesho."

"Na masomo yako?"

"Nitachelewa."

Jumatatu asubuhi tulikwenda kwenye kituo cha afya. Tulitembea na kupumzika mara nne. Ilipofika zamu yetu, muuguzi, dada ambaye hajanizidi miaka mingi, alimpandisha Mama Solange kwenye mzani. Mlango ulikuwa wazi, na benchi la nje lilikuwa limejaa watu. Mwenzake aliyekuwa na kalamu alikuwa upande wa pili wa chumba. Muuguzi akaitazama namba, akamgeukia mwenzake, akafungua mdomo kuitaja.

Nikasema, "Tafadhali, andika, usiseme."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Akanitazama. Nikaongeza, "Kifua kinamuuma akipanda kilima. Mara ya kwanza hakuulizwa."

Kisha akaenda mwenyewe kuchukua kalamu, akaandika, akageuza karatasi uso chini. Akafunga mlango. Akavuta kiti, akaketi mbele ya Mama Solange, akamuuliza maumivu yanaanzia wapi.

Mama Solange akaanza kueleza. Alieleza kwa muda mrefu, na hakuna aliyemkatiza.